Habari Zilikuwepo: Jinsi ya Kutafuta Yale Ambayo Google Haiyaoni



Katika toleo hili tunapenda kuzungumzia jambo ambalo wengi watadhani ni la wataalamu wa kompyuta tu, lakini kwetu limegusa maji ya kunywa ya watoto, fedha za wahisani na uaminifu wetu mbele ya sharika. Jambo lenyewe ni namna ya kutafuta habari ambazo zimo kwenye intaneti, lakini hazitokei tunapoandika swali letu kwenye Google au kwenye mtambo mwingine wa kutafutia. Tumeona vema tuanze na kosa letu wenyewe, kwa sababu ndilo lililotufundisha.

KISIMA KILICHOTOA MAJI MENGI

Usharika mmoja wa eneo kame katika dayosisi yetu uliomba kuchimbiwa kisima kirefu. Akina mama walikuwa wakitumia nusu ya asubuhi kufuata maji mtoni, na wakati wa kiangazi mto wenyewe hukauka. Kila kaya ilichanga sehemu yake, wengine kwa fedha na wengine kwa mahindi. Usharika rafiki wa Ujerumani uliongeza sehemu kubwa iliyobaki.

Kabla ya kuchimba tulifanya maandalizi kama kawaida. Mpimaji wa maji ya ardhini alikuja na vifaa vyake akaonyesha mahali pa kuchimba. Sisi wa ofisi ya miradi tulikaa mbele ya kompyuta, tukaandika jina la kijiji pamoja na neno "maji". Zilitokea habari za uchaguzi wa serikali za mitaa, tangazo la kiwanja kinachouzwa na picha za mnada wa ng'ombe. Tuliandika kwenye andiko la mradi kwamba hakuna taarifa za awali kuhusu maji ya eneo hilo, tukaendelea.

Kisima kilitoa maji mengi na maangavu. Watu walishangilia. Tenki lilijengwa na pampu ikanunuliwa, na hapo ndipo majibu ya maabara yalipofika: floraidi zaidi ya miligramu 5 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kipimo hicho kilipaswa kutangulia ununuzi wa pampu, nasi tunakiri kwamba haraka yetu ilitangulia.

Wasomaji wetu wa mikoa ya kaskazini wanaifahamu floraidi kwa matunda yake. Ni madini yatokayo kwenye miamba ya volkano, na ukanda wote wa Bonde la Ufa unayo. Haina rangi wala harufu. Mtoto anayekunywa maji yenye floraidi nyingi wakati meno yake ya ukubwani yanajijenga, huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyofutika. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hudhuru hata mifupa na viungo. Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapopungua kwenye sufuria, floraidi hubaki palepale na ukali wake huongezeka.

Tuliwaandikia ndugu zetu wa Ujerumani na kuwaeleza yote bila kuficha. Walijibu kwa upole, lakini katika barua yao lilikuwemo swali moja: je, jambo hili halikuweza kujulikana kabla? Tulijibu kwa moyo mweupe kwamba tulitafuta na hatukuona kitu.

Wakati huo tulikuwa na kijana wa chuo aliyekuja ofisini kwa mafunzo kwa vitendo. Aliposikia habari hii aliomba ajaribu kutafuta kwa njia aliyofundishwa na mkutubi wa chuo chao. Baada ya siku mbili alituletea karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa jedwali kutoka kwenye tasnifu ya mwanafunzi wa chuo kikuu, lenye vipimo vya chemchemi na visima vya kata ileile. Ya pili ilikuwa ukurasa wa ripoti ya zamani, uliopigwa picha, ukitaja kisima kilichochimbwa kilomita chache kutoka kwetu na kuachwa kwa sababu ya floraidi. Zote mbili zilikuwa kwenye intaneti kwa miaka mingi, na kuzisoma ni bure.

Kwa hiyo jibu letu kwa wahisani halikuwa sahihi. Habari zilikuwepo. Sisi tulibisha kwenye mlango mmoja tu.

KWA NINI GOOGLE HAIKUTUONYESHA

Wengi wetu tunadhani kwamba tunapouliza swali, mtambo wa kutafutia unakwenda kuangalia intaneti yote na kurudi na majibu. Sivyo unavyofanya kazi. Mtambo huo una programu zinazotembea usiku na mchana kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine kwa kufuata viungo, zikinakili zinachokikuta na kukiandika kwenye faharasa kubwa. Tunapouliza, mtambo hutazama ndani ya faharasa yake. Kisichoandikwa humo hakitokei, hata kama kipo.

Mfano wake ni kijana aliyetumwa kuzunguka gulio na daftari, aandike kila kilichopangwa mezani na kwenye mikeka. Ataandika nyanya, vitenge, sufuria na majembe. Lakini hataandika vilivyomo kwenye stoo nyuma ya maduka, kwa sababu mwenye duka hufungua stoo kwa mteja anayetaja anachokitaka. Ukimuuliza kijana huyo kama kuna mbegu fulani ya maharage sokoni, atasema hakuna. Ukimwendea mwenye duka mwenyewe na kuitaja mbegu hiyo kwa jina, atakuletea.

Habari hubaki stooni kwa sababu kadhaa:

Kwanza, nyingi zimo ndani ya kanzidata, yaani maghala ya kumbukumbu yaliyopangwa kwa safu na mistari. Ukurasa wenye jibu huwa haupo mpaka mtu ajaze fomu: mkoa gani, mwaka gani, kipimo gani. Programu zinazofuata viungo kwa kawaida hazijazi fomu hizo.

Pili, baadhi zinahitaji kujiandikisha na kuwa na neno la siri, hata kama kujiandikisha ni bure.

Tatu, mwenye tovuti anaweza kuweka maagizo kwamba sehemu fulani isiandikwe kwenye faharasa.

Nne, ripoti nyingi za zamani zimewekwa kama picha za kurasa. Jicho la mtu linasoma maneno, lakini kwa kompyuta ni picha tu mpaka zipitishwe kwenye programu ya kutambua herufi.

Tano, habari inaweza kuwa imeandikwa kwenye faharasa, lakini ikawekwa nyuma ya kurasa mamia ambazo mtambo umeona zinapendwa zaidi. Kwa mtu anayesoma ukurasa wa kwanza tu wa majibu, hiyo nayo ni sawa na kutokuwepo.

Mwaka 2001 mtafiti Michael Bergman wa Marekani alikadiria kwamba sehemu hii ya intaneti isiyoonekana ilikuwa kubwa mara 400 hadi 550 kuliko ile inayoonekana. Wengine waliibishia hesabu hiyo, na tangu wakati huo mitambo imeboreshwa sana. Siku hizi inasoma mafaili mengi ya PDF na hata baadhi ya picha za maandishi. Hata hivyo kanzidata na milango yenye neno la siri bado ipo, na humo ndimo zilimo takwimu nyingi ambazo kamati za maendeleo zinazihitaji.

Hapa tutoe angalizo. Baadhi ya wazee wa sharika wamesikia kuhusu sehemu ya intaneti inayotumiwa kuuza dawa za kulevya na silaha, wakahofu kwamba ndiyo tunayoizungumzia. Siyo. Ile hufichwa kwa makusudi na huingiwa kwa programu maalumu. Sisi tunazungumzia maktaba, ofisi za takwimu, vyuo vikuu na mahakama, ambako hakuna cha kuogopa wala cha kuficha.

MAGHALA YA HABARI ZA MAJI

Baada ya somo lile tulianza kuorodhesha maghala yanayohusu maji, na tunapenda sharika ziyafahamu.

La kwanza ni maghala ya vyuo vikuu vyetu. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo huweka tasnifu za wanafunzi wao kwenye tovuti zao za maktaba. Tafiti za floraidi katika miteremko ya Mlima Meru na jirani zake ni nyingi. Vilevile wanafunzi wa Ulaya waliofanya utafiti huku kwetu huacha tasnifu zao kwenye maghala ya kwao. Vyuo vingi vya Sweden, kwa mfano, hutumia ghala la pamoja liitwalo DiVA.

La pili ni maghala ya ripoti za zamani. Katika miaka ya 1970 na 1980 serikali yetu, kwa msaada wa nchi wahisani, iliandaa mipango mikuu ya maji ya mikoa mingi. Denmark ilisaidia Iringa, Ruvuma na Mbeya, Finland ilisaidia Mtwara na Lindi, na Norway ilisaidia Rukwa na Kigoma. Vitabu hivyo vina vipimo vya visima na chemchemi vilivyofanywa wakati ambapo wengi wetu tulikuwa shule ya msingi au hatujazaliwa. Ripoti za aina hiyo hupatikana katika maktaba ya shirika la IRC la Uholanzi, ambalo limepiga picha maelfu ya maandiko ya maji na usafi wa mazingira. Chuo Kikuu cha Loughborough cha Uingereza, kupitia kituo chake cha WEDC, kinatunza mada za mikutano ya wahandisi wa maji tangu miaka ya 1970. Taasisi ya Jiolojia ya Uingereza inayo orodha ya maandiko kuhusu maji ya ardhini barani Afrika, ambayo mtu anaweza kuipekua kwa nchi.

La tatu lilitushangaza kuliko yote. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Wizara ya Maji ilikusanya taarifa za vituo vya maji vijijini nchi nzima. Sehemu ya orodha hiyo yenye vituo 59,400 iliwekwa wazi ili watafiti wa takwimu duniani waifanyie mazoezi. Kila mstari unataja kitongoji, kata, bonde la maji, mwaka wa ujenzi, aliyefadhili, aliyejenga, na kama maji ni baridi, ya chumvi au ya floraidi. Miongoni mwa wafadhili waliotajwa yumo pia KKKT. Katika orodha hiyo, vituo zaidi ya 22,000 vilikuwa havifanyi kazi siku vilipokaguliwa. Kanisa linapoomba fedha za kisima kipya, ni vema likajua kwanza visima vyake vya zamani vimeandikwaje. Hutaiona mistari hiyo kwa kuandika jina la kijiji kwenye Google, kwa kuwa ni lazima kujiandikisha, kupakua faili na kulifungua kwenye programu ya majedwali kama Excel.

Jambo moja la kuangalia unaposoma vipimo vya zamani: kwa muda mrefu kiwango cha Tanzania kiliruhusu floraidi hadi miligramu 4 kwa lita, kabla ya kushushwa kufikia 1.5. Ripoti ya zamani inaweza kusema "maji ni salama" kwa kipimo cha wakati wake, na leo yakahesabiwa si salama. Tusome tarakimu yenyewe, tusiishie kwenye neno "salama".

MAGHALA MENGINE YANAYOFAA SHARIKA

Maji ni mfano tu. Idara nyingine za kanisa nazo zina maghala yao.

Afya: hospitali na vyuo vyetu vya uuguzi vinaweza kusoma majarida ya kitabibu kupitia mpango wa Hinari, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji mwaka 2002. Kwa upande wa kilimo upo mpango wa AGORA wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ulioanza mwaka 2003. Yote miwili sasa iko chini ya mwavuli wa Research4Life. Taasisi za nchi zenye kipato kidogo huingia bure au kwa ada ndogo, lakini ni lazima taasisi yenyewe ijiandikishe. Majarida mengi ya humo, mtu wa nje akiyafungua, hudaiwa fedha.

Takwimu: Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania. Kamati nyingi zinaijua tarakimu hiyo kubwa, lakini bado zinakisia idadi ya watu wa kata yao. Hakuna haja ya kukisia, kwa kuwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu imetoa ripoti za mgawanyo wa watu hadi ngazi ya kata. Zimo kwenye tovuti yake, lakini mara nyingi huhitaji kuingia hatua tatu au nne ndani.

Sheria na ardhi: hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani pamoja na sheria zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII. Usharika wenye mgogoro wa kiwanja unaweza kusoma jinsi kesi kama yake ilivyoamuliwa kabla ya kumlipa wakili.

Historia: sharika zinazoandaa jubilei hutafuta picha za kanisa la kwanza. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na picha zao nyingi zimewekwa katika ghala la picha za misioni la Chuo Kikuu cha Southern California. Anayetafuta humo ajaribu pia tahajia ya Kijerumani, maana Moshi iliandikwa Moschi na Arusha iliandikwa Aruscha.

Tovuti zilizofungwa: shirika rafiki linapofunga ofisi, tovuti yake nayo hupotea pamoja na ripoti zake. Internet Archive, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1996, hutunza nakala za tovuti za zamani. Mtu huandika anuani ya zamani kwenye huduma yake iitwayo Wayback Machine na kuchagua mwaka. Kinachohitajika ni kuijua anuani hiyo, ndiyo maana tunawaomba muitunze kwenye mafaili yenu. Mwaka 2025, misaada ya Marekani ilipositishwa, hata mpango wa kimataifa uliosaidia nchi nyingi kufanya tafiti za afya ya uzazi na mtoto ulisimamishwa. Ripoti inayokufaa ukiiona leo, ipakue na uichape.

NAMNA YA KUBISHA HODI

Kwa uzoefu wetu, hatua zifuatazo zinatosha kwa kamati yenye kompyuta moja au simu nzuri:

1. Jiulizeni kwanza: nani angekuwa na sababu ya kupima, kuhesabu au kuandika jambo hili? Wizara, bodi ya bonde la maji, chuo, hospitali, mahakama au misioni? Jibu ndilo jina la ghala.

2. Tumieni Google kutafuta ghala lenyewe, kisha ulizeni swali lenu humo ndani kwenye kisanduku cha kutafutia cha ghala hilo.

3. Andikeni majina yote ya mahali: kitongoji, kijiji, kata, wilaya, mto, mlima na jina la zamani. Kumbukeni kwamba mipaka imebadilika. Manyara ilitoka Arusha mwaka 2002. Njombe ilitoka Iringa mwaka 2012, pamoja na mikoa mipya ya Geita, Katavi na Simiyu. Ripoti ya Babati ya mwaka 1985 itakuwa chini ya Arusha.

4. Maghala mengi hutumia Kiingereza. Andikeni neno la kitaalamu kama linavyoandikwa kwenye ripoti, kwa mfano "fluoride" au "borehole". Mwalimu wa sekondari au kijana wa chuo atasaidia.

5. Mnapotaka kupekua tovuti za serikali peke yake, andikeni kwenye Google neno lenu likifuatiwa na site:go.tz. Mkitaka ripoti zilizochapwa, ongezeni filetype:pdf.

6. Someni orodha ya marejeo mwishoni mwa tasnifu moja nzuri. Mwandishi amekwisha kuwatafutia nyingine 50.

7. Andikeni mlikopata, tarehe na ukurasa, ili mwingine aweze kuhakiki.

Siku hizi wengi huuliza programu za akili mnemba kwenye simu. Zinasaidia kueleza neno gumu au kutafsiri ukurasa. Lakini kilichofungwa stooni nazo mara nyingi hazijakisoma, na wakati mwingine hutaja kwa uhakika ripoti ambayo haipo kabisa. Msiweke kwenye andiko la mradi kitu chochote ambacho hamjakiona kwa macho yenu.

YASIYO KWENYE INTANETI KABISA

Tusiwadanganye wasomaji kwamba kila kitu kiko kwenye kompyuta. Nchi yetu ina mabonde tisa ya maji, na taarifa za visima vilivyochimbwa hukaa kwenye ofisi za bodi za mabonde hayo. Nyingi bado ni karatasi kwenye kabati. Ofisi za RUWASA za wilaya nazo zina kumbukumbu zao. Katika Arusha kipo kituo cha utafiti cha Ngurdoto, ambacho kwa miaka mingi kimeshughulikia uondoaji wa floraidi kwa kutumia mkaa wa mifupa. Barua yenye mhuri wa usharika na safari ya siku moja huko inaweza kuzaa matunda kuliko wiki nzima ya intaneti.

Na wako wazee wetu. Katika usharika ule, siku ya kwanza kabisa ya mkutano wa kisima, bibi mmoja alisimama akasema kwamba watoto waliolelewa upande ule wa korongo wana meno ya kahawia tangu enzi za mama yake, na kwamba zamani watu walikatazwa kunywa maji ya pale. Mwandishi wa kikao hakuliandika neno lake. Sisi tuliokuwa mezani tulilichukulia kama mazungumzo ya wazee. Tungeliandika, tungejua neno la kutafuta, na hapo tungeuliza maghala swali sahihi.

TULICHOBADILISHA

Kisima kile hakikuachwa. Baraza la wazee lilikubaliana kwamba maji yake yatumike kufulia, kujengea na kusafishia. Kwa ajili ya kunywa na kupikia, paa la kanisa na la shule vimewekewa mabati ya kukingia mvua na matenki, na matenki hayo hayatoshi kiangazi chote. Mazungumzo ya kuvuta maji ya chemchemi kutoka mlimani yanaendelea. Baadhi ya kaya bado zinakunywa maji ya kisima kwa sababu yako karibu, na mwinjilisti anaendelea kuzitembelea. Hatupendi kuandika kwamba tatizo limekwisha wakati halijaisha.

Kwa upande wa ofisi, sasa kila andiko la mradi lina ukurasa wenye kichwa "Tulikotafuta". Humo tunataja maghala tuliyoyafungua, maneno tuliyoyaandika, ofisi tulizozitembelea na wazee tuliowasikiliza. Hatukubali tena sentensi ya "hakuna taarifa za awali" bila ukurasa huo. Tunaandika kwamba hatukupata, na tunasema tulitafuta wapi. Aidha, hatununui pampu kabla ya majibu ya maabara.

Kwa kamati za sharika: mnapotuletea ombi, andikeni majina yote ya mahali, visima vya zamani mnavyovikumbuka, na yale wanayoyasema wazee hata kama yanaonekana madogo. Kama bando ni ghali kwenu, leteni maswali yenu na sisi tutapekua kutoka ofisini bila malipo. Tunaomba pia kila jimbo lituchagulie vijana wawili tuwafundishe kazi hii.

Kwa ndugu zetu wahisani: kazi ya kutafuta huchukua siku kadhaa na haina picha nzuri ya kuweka kwenye ripoti. Tunawaomba muikubali katika bajeti kama sehemu halali ya mradi. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na pampu moja. Na wengi wenu mko karibu na maktaba na hifadhi za nyaraka ambazo kwetu ni mbali. Swali mlilotuuliza lilitusaidia kuliko mlivyodhani, nasi tunawaomba muendelee kuuliza.

Katika Injili ya Luka sura ya 15 Bwana Yesu anasimulia habari za mwanamke aliyekuwa na shilingi kumi, akapoteza moja. Hakuridhika kutupa jicho sakafuni. Aliwasha taa, akachukua ufagio, akapita kila pembe ya nyumba mpaka akaiona. Ndivyo tunavyotaka kutafuta sasa, kabla ya kuanza kuchimba, kwa ajili ya watoto wa sharika zetu.



Imeandaliwa na Mratibu wa Miradi, kwa niaba ya Idara ya Mipango na Maendeleo ya Dayosisi.